Bunju na Chumvi: Ubadilishe Tangi Lote, Uishie Katikati, au Uache Maji Yalivyo?

Mtu akitaka kumwekea bunju, yule samaki wa kujivimbisha anayefugwa kwenye tangi la kioo, maji ya chumvi, swali lake la kwanza huwa: nitie chumvi kiasi gani? Kwangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni bunju yupi. Chini ya jina hilo moja wamo samaki wa mito na maziwa wasioijua bahari kabisa, wamo wa mikokoni wanaoishi kwa kufuata maji kujaa na kupwa, na wamo wa miambani ambao maji yasiyo na chumvi huwaua. Ukikosea hapo, vipimo vyote vinavyofuata, hata uvifanye kwa umakini gani, vitamfikisha samaki wako pabaya.

Tuanze na wale ambao hawahitaji mjadala. Tetraodon mbu wa Ziwa Tanganyika na bonde la Kongo ni wa maji matamu maisha yake yote, naye hupita sentimita 60. Fahaka, Tetraodon lineatus, wa Nile na mito ya Afrika Magharibi, ni wa maji matamu na hufika sentimita 40. Mdogo kuliko wote, Carinotetraodon travancoricus wa mito ya kusini-magharibi mwa India, huzidi sentimita 3 kwa shida, naye pia ni wa maji matamu. Kama uliye naye ni mmojawapo wa hawa, usibadilishe chochote. Uvumi kwamba kila bunju anapenda chumvi kidogo umewatesa samaki wengi.

Kundi linaloleta utata ni la mikokoni na milango ya mito ya Kusini na Kusini-Mashariki mwa Asia. Hawa huuzwa wakiwa wadogo, urefu wa pingili ya kidole, wakiogelea kwenye maji matamu, kwa kuwa wakiwa wachanga huyavumilia. Mnunuzi huwaweka na samaki wake wa kawaida, na kwa miezi kadhaa hakuna kinachoonekana. Kisha tumbo jeupe linakuwa la kijivu, rangi ya mgongo inafifia, hamu ya chakula inapungua, na ugonjwa mmoja unafuata mwingine. Muuzaji aliyesema ni samaki wa maji matamu huenda hata hakukusudia kudanganya, maana kwake samaki hakukaa muda wa kutosha kuonyesha shida.

Wawili hupatikana zaidi. Bunju kijani wa madoa ana madoa meusi ya mviringo kwenye mgongo wa kijani au njano. Bunju wa nane, aitwaye hivyo kwa alama zinazofanana na tarakimu 8, ana mgongo wa kahawia wenye mistari ya njano iliyojikunja, na doa lenye duara kama jicho karibu na mkia. Vitabu vya zamani huwaita Tetraodon nigroviridis na Tetraodon biocellatus. Siku hizi ni Dichotomyctere nigroviridis na Dichotomyctere ocellatus, kwa hiyo usishangae ukikuta majina mawili kwa samaki mmoja. Yupo na wa tatu, D. fluviatilis, anayefanana na yule kijani ila mabaka yake ni makubwa na hayana umbo moja. Kwa upande wa chumvi, mtunze kama kijani.

Jedwali hili liko kwa ajili ya uamuzi wa haraka. Uzito linganishi ni uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na kitu, ambayo ni 1.000. Maji ya bahari huwa karibu 1.026, yaani gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Ukubwa wa tangi ni kadirio langu kwa samaki mmoja, na ni mahali pa kuanzia tu.

| Bunju | Uzito linganishi akikomaa | Urefu | Tangi |
|---|---|---|---|
| Wa nane (D. ocellatus) | 1.005–1.008 | sm 8 | lita 60–80 |
| Kijani wa madoa (D. nigroviridis) | 1.010–1.025 | sm 15 | lita 150 |
| Tandiko (Canthigaster valentini) | 1.023–1.026 | sm 11 | lita 150 |
| Uso-mbwa (Arothron nigropunctatus) | 1.023–1.026 | sm 33 | lita 450 |
| Miiba (Diodon holocanthus) | 1.023–1.026 | sm 30 na zaidi | lita 600 |

Jedwali lenyewe limeshaamua mengi. Wa nane hahitaji bahari, na kumpeleka huko ni gharama bila faida. Watatu wa chini hawana njia nyingine ila bahari kamili. Anayebaki na uchaguzi wa kweli ni kijani wa madoa, na ndiye atakayekula sehemu kubwa ya makala haya.

Kwa nini chumvi haimwagwi kwa siku moja

Damu ya samaki wa mifupa ina chumvi karibu theluthi ya ile ya bahari. Akiwa kwenye maji matamu, maji humwingia kupitia matamvua bila kukoma, naye huyatoa kwa mkojo mwingi mwepesi huku seli za matamvua zikinyakua chumvi kidogo iliyomo majini. Baharini kazi hiyo hupinduka. Maji humtoka, inabidi anywe maji ya bahari, na matamvua yaleyale yasukume nje chumvi inayozidi. Bunju kijani anaweza kuishi kwa namna zote mbili, lakini seli hizo hazigeuki kwa saa moja. Zinahitaji siku kadhaa kujengwa upya.

Bakteria wa kwenye filta nao wamo katika hesabu hiyo. Hawa ndio wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti. Chumvi ikipanda polepole, wengi huzoea, na wale wa maji ya chumvi wanapata muda wa kuchukua nafasi. Ikipanda ghafla, filta iliyochukua wiki nyingi kukomaa inarudi mwanzo, huku samaki mla nyama, mwenye choo kingi, akiwa bado ndani. Maji ya bahari pia huwa na pH (kipimo cha tindikali) ya 8.1 hadi 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia ileile inavyozidi kuwa sumu. Kiasi ambacho tangi la maji matamu lilikistahimili kinaweza kuunguza matamvua humu.

Oksijeni nayo hupungua. Kwenye nyuzijoto 25, lita ya maji matamu hubeba takriban miligramu 8.2 za oksijeni, na ya maji ya bahari 6.8. Ongeza mtikisiko wa uso wa maji kabla hujaongeza chumvi.

Katikati au bahari kamili?

Wapo wanaoshikilia kwamba bunju kijani aliyekomaa lazima awe kwenye bahari kamili, na wapo wanaomtunza miaka yote kwenye 1.010 hadi 1.015 bila tatizo. Kwa nilivyoona na kusoma, pande zote mbili hufanikiwa, na tofauti iko zaidi kwa mtunzaji kuliko kwa samaki.

Faida ya kwanza ya katikati, yaani maji yenye chumvi iliyo pungufu ya bahari, ni ya kimwili. Maji ya 1.008 hadi 1.010 yanakaribiana na chumvi ya damu yake, kwa hiyo mwili haufanyi kazi kubwa ya kusukuma maji wala chumvi. Ya pili ni vimelea. Ugonjwa wa madoa meupe wa maji matamu husababishwa na Ichthyophthirius, ambaye hapendi chumvi. Ule wa baharini husababishwa na Cryptocaryon, ambaye chumvi ikishuka sana kwa kawaida hufa. Eneo la 1.008 hadi 1.010 linawabana wote wawili. Usijisahau lakini, kwa kuwa Amyloodinium, anayeleta ugonjwa wa velveti, hustahimili viwango vingi vya chumvi, na tangi la katikati halimzuii.

Ya tatu ni chumvi yenyewe. Chukua tangi la lita 200 linalobadilishiwa robo ya maji kila wiki, yaani lita 50. Kwenye 1.010 unahitaji gramu 14 hivi kwa lita, sawa na gramu 700 kwa wiki. Kwenye maji ya bahari ni gramu 35, sawa na kilo 1.75. Kwa mwaka mzima ni kilo 36 dhidi ya 91. Na kwa bunju kubadilisha maji si kazi ya kuahirishwa, kwa sababu hula kwa fujo, hutafuna na kutema, na mabaki hutawanyika kila pembe. Hesabu hiyo itakufuata kwa miaka mingi, maana samaki huyu akitunzwa vizuri anaweza kupita miaka kumi.

Upande wa bahari kamili una hoja zake, tena nzito. Kubwa ni skima ya povu. Chombo hiki husukuma viputo vidogo sana kupitia maji, uchafu wa protini ukajishika kwenye viputo na kutoka kama povu la kahawia kabla haujaoza. Kwenye maji matamu viputo huungana na kuwa vikubwa, kwa hiyo hakifanyi kazi. Kwenye maji ya katikati hufanya kazi kwa kusuasua, na chumvi ikikaribia ya bahari ndipo hufanya kazi yake sawasawa. Kwa mla nyama mchafu kama huyu, skima nzuri huokoa maji mengi. Kisha kuna mawe hai, mawe ya matumbawe yenye vinyweleo vilivyojaa bakteria, ambayo yakiwekwa kwenye chumvi pungufu hupoteza wakazi wake wengi. Na bahari kamili ina kiwango kimoja kinachojulikana: vifaa, vipimo, dawa na maelekezo karibu yote yameandikwa kwa ajili yake. Tangi la katikati hukulazimu kukisia mambo mengi.

Msimamo wangu ni huu. Ukiwa na bunju kijani mmoja kwenye tangi la lita 150 hadi 200, na huna mpango wa skima, simama kwenye 1.010 hadi 1.012 akishafika sentimita 6 au 7, kisha uache. Ukiwa na tangi la lita 250 na kuendelea, au kama bado hujanunua samaki na moyo wako uko kwa uso-mbwa au miiba, nenda bahari kamili tangu mwanzo. Njia ninayoipinga ni ya kupanda na kushuka: 1.006 mwezi huu kwa kuwa chumvi imeisha, 1.014 mwezi ujao kwa kuwa imepatikana. Kiwango cha chini kidogo kisichobadilika ni bora kuliko kiwango sahihi kinachoyumba.

Kubadilisha tangi lenye samaki, au kuanza upya

Mara nyingi watu huchanganya mambo mawili hapa. Upole wa kupandisha chumvi ni kwa ajili ya samaki na bakteria, si kwa ajili ya kioo. Tangi lisilo na samaki halihitaji kupandishwa hatua kwa hatua. Limwage maji, lisafishe, lijaze maji ya bahari siku hiyohiyo, kisha subiri filta ikomae kwa wiki nne hadi sita ukiilisha amonia kidogo. Nimeona watu wakipandisha tangi tupu kwa miezi miwili, na bado siku ya mwisho hawana bakteria wa kutosha.

Lenye samaki ni habari nyingine. Kanuni inayotumika sana ni kupandisha 0.002 kwa wiki. Ukibadilisha robo ya maji kila mara, maji mapya yanapaswa kuwa juu ya yaliyomo kwa mara nne ya hatua hiyo, yaani 0.008. Basi wiki ya kwanza tangi liko 1.000, maji mapya yawe 1.008, na baada ya kuchanganyika utapata 1.002. Wiki ya pili maji mapya yawe 1.010, ya tatu 1.012, na kuendelea. Kufika 1.010 ni wiki tano, kufika 1.022 ni kumi na moja. Kila kabla ya hatua mpya pima amonia na naitraiti. Kimoja kikionekana, usipande. Badilisha maji kwa chumvi ileile iliyopo hadi vyote viwe sifuri.

Tangi la zamani lina vitu ambavyo havifai kuendelea na safari. Magogo ya mapambo hutoa tindikali inayoshusha pH, yaondoe. Changarawe za kawaida hazidhuru, ila mchanga wa matumbawe au aragonaiti husaidia kuishikilia pH juu, na tope lililolala chini ya changarawe za miaka mingi huwa ghala la naitreti. Mimea itakufa, isipokuwa michache kama kangaga wa Java (Java fern) inayostahimili hadi 1.005 hivi. Itoe kabla haijaoza, maana ikiozea ndani amonia yake itakuja wakati bakteria wamedhoofika. Ukitaka kitu kibichi, mche wa mkoko wenye majani juu ya maji hukubali viwango vyote vya chumvi.

Kama tangi liliwahi kutiwa dawa yenye shaba, jiulize mara mbili. Shaba hujishika kwenye mawe na kwenye gundi ya silikoni, na kidogo tu huua konokono, kaa na viumbe wa mawe hai. Bunju mwenyewe, asiye na magamba ya kumkinga kama samaki wengine, huumizwa na dawa hizo mapema.

Kwa hiyo nikilinganisha: ukilenga katikati, badilisha tangi ulilonalo na samaki akiwemo. Ni njia nyepesi, na samaki hahamishwi hata mara moja. Ukilenga bahari kamili na una chombo cha pili, anzisha tangi jipya lenye mawe hai na mchanga wake, likomae likiwa tupu, huku ukimpandisha samaki taratibu kwenye lile la zamani hadi maji ya matangi yote mawili yalingane. Ndipo umvushe. Unapomvusha usimtoe nje ya maji kwa wavu. Bunju akishtuka hewani huweza kumeza hewa na kushindwa kuitoa, akabaki akielea tumbo juu. Mwongoze aingie kwenye bakuli au jagi, umhamishe na maji yake.

Chumvi ipi

Chumvi ya mezani ni sodiamu kloridi karibu tupu. Haina kalsiamu, magnesiamu wala kabonati za kushikilia pH. Zile pakiti zinazouzwa kama chumvi ya tangi, za kutibu samaki wa maji matamu, mara nyingi ni sodiamu kloridi hiyohiyo yenye chembe kubwa. Kwa katikati na kwa bahari, kinachohitajika ni mchanganyiko wa chumvi ya bahari uliotengenezwa kwa ajili ya matangi. Kwa tangi la bunju asiyeishi na matumbawe, chukua ule wa kawaida. Ile iliyoongezewa madini kwa ajili ya matumbawe ni fedha iliyotupwa.

Ichanganye kwenye ndoo ya pembeni, si kwenye tangi. Weka pampu ndogo na hita, iache izunguke hadi kesho yake, kisha pima. Chembe za chumvi zikimwangukia samaki humuunguza, na maji yaliyochanganywa dakika tano zilizopita bado hayajatulia. Kama maji ya bomba yana klorini, iondoe kabla ya chumvi.

Aliye karibu na bahari atauliza kama hawezi kuchota. Anaweza, na ni maji bora yakichotwa vizuri, yaani wakati maji yanajaa, mbali na milango ya mito na mifereji, na si siku za baada ya mvua kubwa. Yachuje, yaache gizani wiki mbili, upime chumvi kabla ya kutumia. Lakini kubeba lita 50 kila wiki si mzaha, na huwezi kujua meli iliyopita jana ilimwaga nini. Mimi ningebaki na pakiti.

Kupima

Haidromita ya mshale, kifaa cha kupimia uzito linganishi, ni rahisi kutumia na rahisi kudanganya. Kiputo kimoja kikijishika kwenye mshale, inasoma juu. Chumvi ikijikusanya kwenye mhimili wake, mshale unakwama. Refraktomita husoma kwa mwanga unaopinda kupitia tone la maji, na ni sahihi zaidi, ila lazima irekebishwe. Wengi huirekebisha kwa maji safi kwenye sifuri, halafu wanaiamini kwenye 35. Ni bora kutumia kimiminika cha kurekebishia chenye gramu 35, kwa kuwa unaweka usahihi pale utakapoutumia. Kwa tangi la katikati haidromita iliyosuuzwa vizuri kila baada ya kutumika inatosha. Kwa bahari kamili, nunua refraktomita kabla ya skima.

Maji yanapopungua kwa mvuke, chumvi hubaki. Unachojazia ni maji matamu, kila siku kidogo. Ukijazia maji ya chumvi, baada ya mwezi utakuwa na kiwango ambacho hukukipanga. Chora alama kwenye kioo kuonyesha maji yalipo, itakuokoa.

Vifaa vingine tusivikalie sana. Filta ya nje na hita ya maji matamu vinafaa, ilimradi hakuna chuma kinachogusa maji. Vibanio vya mfuniko na skrubu za taa ndivyo hushika kutu kwanza. Taa kali haina kazi kama hakuna matumbawe. Chumvi hutambaa juu ya mfuniko na nyaya, kwa hiyo kila waya uuache uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda kuchomekwa, tone lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Bahari ya samaki tu, au ya matumbawe

Hapa ulinganisho ni mfupi. Bunju hula konokono, kaa, kamba na chaza, yaani karibu kila kiumbe kinachosafisha tangi la matumbawe, na matumbawe yenyewe huyadonoa. Tandiko, kwa kuwa ni mdogo, wakati mwingine huwekwa na matumbawe magumu na mambo yakaenda, lakini ni bahati nasibu. Uso-mbwa na miiba, usijaribu. Ukitaka matumbawe, weka tangi lingine lisilo na bunju.

Yasiyobadilika, chumvi iwe yoyote

Meno yao hukua maisha yote. Bunju wa kawaida ana mabamba manne ya meno, na bunju miiba ana mawili. Wote wasipopata vitu vigumu vya kuvunja, meno hurefuka hadi mdomo usifunguke. Konokono wenye gamba, chaza na kome wadogo, miguu ya kaa na kamba wenye maganda ndiyo mlo wao. Vipande laini vya samaki kila siku vitamnenepesha na kumharibu mdomo. Aliyekomaa hahitaji kulishwa kila siku. Siku tatu au nne kwa wiki zinatosha, hata kama anakuja kwenye kioo na kukutazama kana kwamba hajala tangu juzi. Atafanya hivyo hata akiwa ameshiba.

Na samaki wengine waliomo?

Hili ndilo hukwamisha mabadiliko mengi. Tangi lina tetra, kori na gapi, na bunju aliingizwa kama mgeni. Kori na tetra hawawezi kufuata safari ya chumvi, na kuwaacha wapande naye ni kuwaua taratibu. Gapi na moli huweza kupandishwa hata hadi maji ya bahari wakipewa muda, ila mapezi yao marefu humvutia bunju ayang'ate, kwa hiyo kuokoka chumvi hakutawasaidia. Kwenye 1.005 hadi 1.010 wapo samaki, kama nyuki-gobi (bumblebee goby) kwa bunju wa nane au skati (Scatophagus) kwa tangi kubwa sana la kijani, wanaoweza kuishi naye kama nafasi inaruhusu. Kila bunju ana tabia yake, na anayewavumilia leo anaweza kuwageuka akikomaa. Kabla ya wiki ya kwanza ya chumvi, watafutie wa maji matamu mahali pengine, kisha uendelee na bunju peke yake.